Tarakilishi Haili Ugali

Mpenzi msomaji, wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Leo ninataka tuizungumzie methali hii, lakini kitanda chenyewe ni shamba, na mlalaji ni tarakilishi. Najua baadhi yenu mtauliza, "Ati tarakilishi na jembe wapi na wapi?" Tulia basi, nitakueleza. Kuna programu za tarakilishi ambazo hulima bila kushika mpini. Unaipa mvua, jua, udongo na mbegu, nayo inakukuzia mahindi ndani ya kioo chake siku baada ya siku mpaka mavuno. Unaweza hata kuiuliza: je, nikipanda mimea ya kufunika udongo, shamba langu litakuwaje baada ya miaka kumi? Nayo inajibu kabla chai haijapoa.

Swali hilo nimelishuhudia likiulizwa kuhusu shamba la nyanya yangu, sisi humwita Dani, huko Seme, upande wa Kombewa. Ni nusu eka tu, yenye mteremko unaoelekea ziwani. Jibu lilipotoka halikumridhisha Dani hata kidogo, na mimi nimeona ni heri niwaandikie sababu zake, kwa maana naamini zinatuhusu sote tunaokula kutoka pwani hii ya Ziwa Victoria.

Kwanza tuanze na shida yenyewe. Huku kwetu tuna misimu miwili ya mvua. Masika, ambayo Waluo huita chwiri, huanza mwezi wa Machi. Vuli, au opon, huja kuanzia Septemba hivi hadi Desemba. Kati ya msimu na msimu mashamba mengi hubaki uchi. Mabua yameliwa na ng'ombe au yamechomwa, magugu yamekauka, na udongo umelala chali ukingojea. Halafu mvua ya kwanza inakuja, na nyinyi mnaijua mvua ya huku. Haibishi hodi. Huja alasiri na radi zake, na kwa saa moja inamwaga kila ilicho nacho.

Hebu tupige hesabu kidogo, walimu wa hisabati wasinicheke. Eka moja ni mita mraba 4,047. Mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya eka moja ni kama lita 4,000 za maji. Basi mvua ya milimita 30, ambayo kwetu si ajabu, ni zaidi ya lita 120,000. Hiyo ni mitungi elfu sita ya lita ishirini ishirini! Maji hayo yote yakikuta udongo usio na nguo, matone huupiga, yanaziba vitundu vyake, kisha yanatiririka. Na hayatiririki peke yake. Yakiondoa unene wa milimita 1 tu wa udongo kwenye eka moja, yamebeba karibu tani 5. Unene huo ni mdogo mno, ukiutazama kwa macho hutaona kwamba kuna kitu kimepungua.

Tani hizo zinakwenda wapi? Simama kando ya Mto Nyando wakati wa mafuriko, utayaona maji ya rangi ya chai ya maziwa. Ule ni udongo wa watu. Unaingia katika Ghuba ya Winam pamoja na fosforasi na naitrojeni yake, na huko unayalisha magugu-maji yaliyotuvamia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo mkulima wa mlimani ananunua mbolea, mvua inaisafirisha bila nauli, na mvuvi wa Dunga anakwama na mtumbwi wake katikati ya majani. Ama kweli, mkosi wa mmoja ni wa wote.

Dawa moja ya shida hii ni mimea ya kufunika udongo. Nayo haihitaji maneno mengi: ni mimea inayopandwa ili ardhi isikae uchi. Mara nyingi ni jamii ya mikunde, kama kunde, njahi, mukuna na desmodiamu. Majani yake huvunja nguvu za matone. Mizizi yake huishika ardhi. Tena ina siri nyingine: kwenye mizizi kuna vinundu ambamo bakteria huishi, na bakteria hao huikamata naitrojeni iliyo hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Tuseme eka moja ya mikunde iliyostawi vizuri imekusanya kilo 30 za naitrojeni. Gunia la kilo 50 la mbolea ya CAN lina kilo 13 hivi. Basi shamba hilo limejipatia zaidi ya magunia mawili bila kwenda dukani. Bila shaka si yote yatakayoyafikia mahindi, kwa sababu nyingine hupotea hewani na nyingine huzama chini na maji. Lakini hata nusu yake ni mali.

Ndugu msomaji, hapo ndipo maswali yanapoanza. Nipande mmea gani? Lini? Utainyang'anya mahindi maji? Utaoza upesi ili mahindi yanayofuata yafaidi, au utachelewa? Ukitaka kujaribu yote haya shambani, unahitaji vipande vingi vya ardhi na miaka mingi, na kila mwaka mvua inabadilika. Ndiyo maana wataalamu wakatunga programu hizi za kuigiza mimea.

Jinsi zinavyofanya kazi ni kama daftari la dukani. Kila siku kuna kilichoingia na kilichotoka. Maji yaliyoingia ni mvua. Yaliyotoka ni yale yaliyotiririka, yaliyokauka kwa jua, yaliyonywewa na mmea na yaliyozama. Naitrojeni nayo ina ukurasa wake. Mmea wenyewe huhesabiwa umri wake kwa joto. Kwa mfano, mahindi huhesabiwa kuanzia nyuzi 8 za sentigredi. Kama mchana Kisumu ni nyuzi 30 na usiku ni 18, wastani ni 24. Ondoa 8, siku hiyo mahindi yamepata alama 16. Alama zikifika idadi fulani, yanatoa maua. Ndiyo maana mahindi yale yale hukomaa mapema huku kwetu kuliko yakipandwa kwenye baridi ya Kericho. Programu huuliza pia shamba liko umbali gani kutoka Ikweta, ili ijue urefu wa mchana. Hapo sisi hatuna taabu, maana mstari wenyewe unapita Maseno, na mchana wetu ni saa kumi na mbili mwaka mzima.

Mimea ya kufunika huingia kwenye daftari hili kwa milango kadhaa. Ikifunika ardhi, programu hupunguza kiasi cha maji yanayotiririka. Ikikatwa na kulazwa chini kama matandazo, hupunguza maji yanayokaushwa na jua. Ikioza, hutoa naitrojeni, lakini hapa kuna ujanja. Majani ya mikunde yana kaboni kidogo kwa kila sehemu ya naitrojeni, hivyo huoza upesi na kutoa chakula. Mabua ya mahindi yana kaboni nyingi mno, na vijidudu vinavyoyaozesha hukopa naitrojeni ya udongo ili vifanye kazi. Ndiyo sababu ukifukia mabua makavu leo na kupanda kesho, mahindi yako yanaweza kugeuka manjano kama mgonjwa.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Kenya ina mkono wake katika historia ya programu hizi. Mwaka wa 1986 Wamarekani walichapisha programu ya mahindi iitwayo CERES-Maize, iliyotungwa kule Texas. Katika miaka hiyo hiyo ya 1980 watafiti wa Kenya na wa Australia walikuwa wakifanya kazi pamoja Katumani, karibu na Machakos, mahali penye ukame na mvua za kubahatisha. Waliichukua programu hiyo, wakaikuta imezoea mashamba ya matajiri, wakairekebisha ili ielewe mahindi yaliyopandwa kwa nafasi kubwa kwenye udongo maskini. Kisha wakailisha kumbukumbu za mvua za miaka mingi na kuiuliza: katika misimu kumi, ni mingapi ambapo mbolea kidogo itamlipa mkulima? Miongoni mwa Waaustralia hao walikuwamo Bob McCown na Brian Keating. Waliporudi kwao, wakawa miongoni mwa waliounda programu ya APSIM mjini Toowoomba, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990. APSIM iliweka udongo katikati. Mahindi yanakuja, yanakwenda, kunde zinakuja, zinakwenda, lakini udongo unabaki na kumbukumbu za wote waliopita. Bila wazo hilo, huwezi kuigiza mimea ya kufunika, kwa sababu faida yake huonekana msimu unaofuata, au hata mwaka unaofuata. Siku hizi APSIM hupatikana bila malipo kwa masomo na utafiti, sawa na ile nyingine iitwayo DSSAT iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1989.

Sasa twende Seme. Binamu yangu anayesomea kilimo chuo kikuu alikuja nyumbani likizoni na kipakatalishi chake, na APSIM ilikuwa imo ndani. Akasema tuliigize shamba la Dani. Mimi nilipewa kazi ya udongo. Nilichimba shimo la kina cha mita moja nyuma ya jiko, tukachora tabaka zake: juu udongo wa kahawia, chini yake mwekundu mgumu, na mwishoni kokoto nyekundu. Mvua ilituletea shida zaidi. Kuna takwimu za mvua na jua zinazotolewa bure na shirika la anga la Marekani, NASA, kwa kila mahali duniani. Tatizo ni kwamba setilaiti hutazama mraba mkubwa, na mvua ya ziwa hupenda kunyesha upande mmoja wa kilima na kuuacha mwingine mkavu kama kuni. Basi Dani akaweka kopo la mviringo lenye kuta zilizonyooka juu ya nguzo, mbali na mwembe. Kila asubuhi alilipima kwa rula yangu ya shule, akaandika milimita kwenye kalenda ya kanisa. Kwa kuwa shule yetu ni ya kutwa, kila Jumamosi nilipanda matatu ya Bondo kwenda kunakili kalenda hiyo. Tulipolinganisha, kuna siku setilaiti ilisema mvua imenyesha ilhali kopo lilikuwa kavu, na kuna siku kopo lilijaa na setilaiti haikuwa na habari.

Binamu yangu alianza na mukuna. Huu ni mmea hodari. Hutambaa, hufunika kila kitu, huyasonga magugu, na hukusanya naitrojeni nyingi kuliko kunde. Mpango ulikuwa hivi: masika tupande mahindi, vuli tupande mukuna, tuukate, kisha masika inayofuata mahindi tena. Akaiendesha programu kwa zaidi ya miaka thelathini ya mvua. Tukaona mstari wa naitrojeni ukipanda, maji yanayotiririka yakipungua, na mahindi ya masika yakiongezeka. Binamu yangu alifurahi kama aliyepata alama ya A.

Dani alivaa miwani yake akaja kutazama. Aliuliza kila mstari ni wa nini, naye akaelezwa polepole. Kisha akaweka kidole kwenye kioo, mahali ambapo mahindi ya vuli yalikuwa sifuri, sifuri, sifuri.

"Na hapa, nyakwara, tunakula nini?"

Tukanyamaza. Akaendelea, "Mnataka nipande mukuna vuli yote. Mbegu zake zinaliwa?"

Binamu yangu akamweleza kwamba mbegu za mukuna zina kemikali iitwayo L-dopa, ambayo hospitalini hutumiwa kutibu ugonjwa wa kutetemeka, lakini mtu akila mbegu hizo bila kuziandaa kwa makini anaweza kutapika na kuchanganyikiwa.

"Haya. Na ng'ombe wa majirani wamo humo ndani?"

"Wako wapi, Dani?"

"Humo ndani ya hiyo mashine. Mimi nikishavuna, ng'ombe wa kijiji kizima hupita hapa. Ndiyo desturi. Mukuna wako watauheshimu?"

Msomaji, programu haikuwa na ng'ombe hata mmoja. Haikuwa na wajukuu wanaokuja Desemba wakiwa na njaa ya safari, wala karo ya Januari ambayo gunia moja la vuli husaidia kulipa. Kwenye daftari lake, msimu bila mahindi ni msimu wa udongo kupumzika. Kwa Dani, msimu bila mahindi ni miezi ya kununua unga. Waliosema usiache mbachao kwa msala upitao walikuwa wakulima bila shaka.

Nilipoanza kusoma zaidi, niligundua kwamba maswali ya Dani yameulizwa na wengi kabla yake. Katika miaka ya 1990 watafiti waliokuwa Maseno waliwaonyesha wakulima wa Magharibi na Nyanza jinsi ya kupumzisha shamba kwa miti midogo ya jamii ya mikunde kama sesbania, tefrosia na krotalaria. Mahindi yaliyofuata yaliongezeka kweli. Lakini krotalaria ya aina moja ilivamiwa na viwavi, ardhi ilikuwa ndogo, na msimu wa kupumzisha ulikuwa msimu wa kukosa. Wengi waliojaribu waliacha baadaye. Udongo ulifaidika, ila sufuria ilingoja.

Sasa tazama upande wa pili, kule Mbita, ng'ambo ya ghuba. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, katika kampasi yake yenye jina la Thomas Odhiambo, mwanzilishi wake, ndiko Zeyaur Khan na wenzake walikobuni, katika miaka hiyo hiyo ya 1990, mbinu ya sukuma-vuta. Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na majani ya nepia hupandwa kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo ambao viwavi wao hutoboa mabua, na nepia huwavuta nje. Desmodiamu pia hufunika ardhi, huongeza naitrojeni, na mizizi yake huiangamiza kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalofyonza mahindi kutoka chini kama kupe. Mbona mbinu hii ilishika kwa maelfu ya wakulima? Nadhani sababu kubwa ni kwamba desmodiamu na nepia ni chakula cha ng'ombe. Mkulima hangoji miaka mitatu kuiona faida. Anaikata leo, kesho anakamua maziwa. Mahindi nayo hayakufukuzwa shambani hata msimu mmoja.

Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata tuliifungua programu tena, lakini safari hii swali lilitoka kwa Dani. Alisema: "Mimi mahindi yangu siyaachi, masika wala vuli. Mniulizie kunde. Nizipande pamoja na mahindi, au ningoje palizi ya pili?"

Hilo lilikuwa swali zuri kuliko yote tuliyoiuliza mashine. Binamu yangu akaandaa mashamba matatu ndani ya kioo. La kwanza mahindi peke yake. La pili mahindi na kunde siku moja. La tatu mahindi kwanza, kunde wakati wa palizi ya pili. Tukayapitisha yote kwenye miaka ile thelathini na zaidi. Shamba la pili lilifanya vyema miaka yenye mvua nzuri, lakini mvua ilipokatika mapema kunde ziligombania maji na mahindi yakapungua. Shamba la tatu halikuyaumiza mahindi sana. Kunde zilikua taratibu kivulini, na mahindi yalipoanza kukauka zikapata jua na kutanda. Naitrojeni iliyopatikana ilikuwa kidogo kuliko ya mukuna, tena kidogo kwa mbali. Lakini ardhi ilikuwa imevaa nguo wakati mvua ya vuli ilipofika, na hakuna msimu uliopotea.

Dani akasema, "Lakini majani yake nitayachuma. Boo ndiyo mboga yetu."

Hapo binamu yangu akajikuna kichwa. Ikabidi aiambie programu kwamba kila wiki majani kiasi fulani yanaondolewa. Faida ikapungua tena, kwani kila kijani kinachoingia sufuriani kimetoka shambani na naitrojeni yake. Hapakuwa na njia ya kuikwepa hesabu hiyo. Ukitaka udongo ule zaidi, nyumba itakula kidogo. Nyumba ikila zaidi, udongo utakula kidogo. Dani akafikiri, akaamua: atachuma mpaka kunde zianze kutoa maua, baada ya hapo majani ni ya shamba. Programu haikumfundisha uamuzi huo, ila ilimwonyesha bei yake. Naona hiyo ndiyo kazi ambayo mashine inaweza kuifanya vizuri.

Kuna mengine ambayo hatukuweza kuyaigiza. Dani aliuliza habari za mitoo, ile mboga chungu kidogo inayouzwa mafungu mafungu sokoni Kibuye. Mitoo ni jamii ya mikunde pia, ni ndugu wa ile krotalaria ya Maseno, na mama zetu wameipanda tangu zamani. Katika orodha ya mimea ya programu tuliyokuwa nayo, tulikuta mukuna, tukakuta njahi, tukakuta kunde. Mitoo hatukuiona. Mmea hauingii humo mpaka kwanza mtu aupime shambani: unatoa majani mangapi, unakomaa kwa alama ngapi za joto, mizizi yake inafika wapi. Kwa hivyo kama hakuna aliyeupima mmea wa Wajaluo, mashine itauhesabu kuwa haupo. Hili liliniuma, na nilimwambia binamu yangu hivyo. Akanijibu, "Basi soma sayansi uje uupime wewe." Sijui kama alikuwa anatania.

Hivi ninavyoandika, Dani amepanda kunde kwenye robo ya shamba lake, wakati wa palizi ya pili. Robo tatu zilizobaki amepanda kama alivyozoea. Kuzunguka ile robo ameziba mapengo ya ua wa minyaa, ambayo sisi huita ojuok, na amezungumza na wenye ng'ombe nyumba baada ya nyumba. Mmoja amekataa, akisema desturi ni desturi. Hao ng'ombe wake ni kumi na mmoja. Mavuno bado, kwa hiyo msiniulize magunia mangapi. Mahindi ya robo hiyo yakipungua, atakayepungukiwa ni Dani na wale anaowalisha, nami nikiwa mmoja wao. Binamu yangu amerudi chuoni na mashine yake, na hata ikikosea, haitalala njaa. Tarakilishi haili ugali.

Sisemi kwamba tuzitupe programu hizi, la hasha! Bila hiyo programu, Dani angelijaribu kupanda siku moja na mahindi, na pengine mwaka wa kwanza ungekuwa mbaya akakata tamaa. Imempa macho ya kuitazama miaka thelathini kwa adhuhuri moja. Lakini yafaa tujue ni nani anayeiuliza swali. Ikiulizwa na mtu asiyekula kutoka shamba lile, itamjibu kuhusu udongo tu, kwa maana ndicho alichoulizia.

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu tuna akina Dani, wawe Nyakach, Kano, Seme au Asembo. Nina ombi moja kwenu, nalo halihitaji tarakilishi. Tafuteni kopo lenye kuta zilizonyooka na rula, mpime mvua ya nyumbani kwenu, mwandike. Mwaka mmoja wa kopo ni habari ambayo setilaiti haina. Halafu siku mtaalamu atakapokuja na kioo chake, mtakuwa na kitu cha kumpa, na mtakuwa na haki ya kumwambia aulize mnalotaka kujua. Na kwa Chama chetu cha Kiswahili, naomba tuyatafutie mambo haya maneno mazuri yanayoeleweka. Nilipokuwa nikimtafsiria Dani, nilitumia Kijaluo, Kiswahili na mikono, na bado kuna mistari miwili ya ile grafu ambayo mpaka leo ananiambia sijamweleza sawasawa.